Corolla ya Baba, miaka miwili chini ya mwembe, na fundi wa Mwanga aliyefungua breki

Vijana sita wa mtaani kwetu Ujiji, Kigoma, waliweka mabega kwenye gari la Baba asubuhi ya Jumamosi, wakahesabu moja, mbili, tatu, na gari halikusogea hata upana wa kidole. Liliyumba kidogo, likarudi palepale. Matairi ya nyuma yalikuwa kama yamepigiliwa misumari ardhini. Gia ilikuwa huru, hendibreki nilikuwa nimeishusha kwa mkono wangu, na kwa nilivyojua siku ile sikuona sababu ya gari kukataa.

Ni Toyota Corolla AE100, injini ya 5A ya sisi 1500, gia za mkono, mbele breki za diski, nyuma za dramu. Baba alilinunua akiwa bado kazini reli. Kazi yake ilikuwa mabehewa: kukagua, kufunga na kufungua breki, kugonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza yanavyolia. Machi 2023 alipatwa na kiharusi kikamkamata upande wa kulia. Siku moja kabla alikuwa ameliosha gari, akaliegesha chini ya mwembe wetu likiwa bado linachuruzika maji, akavuta hendibreki mpaka mwisho. Maisha yake yote alivuta hivyo. Kwake yeye chombo kikisimama ni lazima kifungwe. Tangu hapo hakuna aliyeligusa. Mvua za mwaka ule zilikuwa hazijaisha, zikaja za misimu miwili mizima baada yake. Majani yakajaa kwenye magurudumu, kuku wakalalia chini.

Mwezi wa sita mwaka 2025 niliamua litembee. Baba anahudhuria kliniki hospitali ya Maweni na mazoezi ya viungo. Bodaboda hawezi kukaa, bajaji inamrusha kila penye shimo na mguu ule hauna nguvu ya kujizuia. Nilikuwa nalipa teksi kutoka kwenye faida ya mawese, na gari letu wenyewe linaoza uani. Nikakata bima mpya, nikanunua betri, injini ikawaka siku ileile bila matata. Wengi tunadhani injini ikiwaka kazi imekwisha. Kwangu kazi ilianza hapo, kwenye magurudumu.

Nieleze kwanza kosa nililofanya, maana limenigharimu. Nilimwita mtu wa karibu, jina lake na mahali pake naviacha. Alikuja, akatazama dakika mbili, akasema breki zimenasa tu, zikivutwa zitaachia zenyewe. Akaleta Canter na mnyororo. Canter ilivuta, gari likaburuzwa na matairi ya nyuma yamefunga, yakichora mifereji miwili kwenye udongo mpaka karibu na choo. Halafu ukasikika mlio mmoja mkubwa upande wa kushoto, kama ubao unapopasuka, na tairi la kushoto likaanza kuzunguka huku kitu kikikwaruza ndani. Akasema, “Umeona? Limeachia.” La kulia halikuachia. Alichukua shilingi 30,000 akaondoka, akaniambia nitembeze hivyohivyo, kutu itaisha njiani. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliniambia neno moja tu: “Mwanangu, gari hilo utampakia baba yako?”

Sikulitembeza.

Fundi ninayemzungumzia hapa nilielekezwa na mama mmoja ninayeuza naye mawese soko la Mwanga, hapahapa Kigoma mjini. Gereji yake iko Mwanga, ni ya wazi, chini ya mti, haina bango, na ameniomba nisiweke namba yake ya simu mahali popote kwa sababu hana vijana wa kutosha kupokea kazi nyingi. Ukiuliza pale sokoni fundi mtu mzima anayeshughulika na breki tu na magurudumu, utaonyeshwa. Nilimpigia, na kabla hajataja bei aliniuliza maswali matatu. Liliegeshwa limelowa? Hendibreki ilikuwa juu? Mmeshalivuta? Nilipojibu la tatu alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi dada, msiliguse tena. Nakuja mimi huko huko.”

Alikuja Ujiji kwa bodaboda kesho yake, na begi la spana, yeye na kijana wake mmoja. Hilo peke yake ninalisifu. Gari lililofunga magurudumu ya nyuma haliburuzwi kwenda gereji, na mafundi wengi hawataki kutoka penye kivuli chao. Alimwamkia Baba kwanza, shikamoo mzee, akamweleza anachotaka kufanya, ndipo akaomba kiti cha Baba kisogezwe pembeni aone vizuri. Mimi nilikuwa natazama hayo kuliko nilivyotazama spana.

Hakufungua chochote mwanzoni. Aliweka mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi ya mbele, maana hendibreki haitegemewi tena, akapiga jeki nyuma, akaweka magogo chini ya gari kabla hajaingiza hata mkono. Alizungusha kila gurudumu kwa zamu yake. La kushoto nyuma lilizunguka likikwaruza. La kulia nyuma halikutikisika. Akahamia mbele: la kushoto jepesi, na la kulia zito, linazunguka kwa shida kama kuna mtu anakanyaga pedali kidogo. Hapo ndipo nilipojua tuna matatizo matatu tofauti, na mimi nilikuwa nikiyaita yote “breki zimenasa”.

La mbele kulia alilipima kwa njia ambayo sitaisahau. Nyuma ya kalipa, kile chuma kinachobana diski, kuna nipo ndogo ya kutolea upepo. Aliivisha mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akatumbukiza ncha ya pili kwenye chupa, akalegeza nipo kidogo kwa spana. Mafuta ya breki yakaruka mara moja kwa nguvu, na kijana aliyekuwa ameshika tairi akasema, “Limeachia.” Fundi akanieleza: kama tairi linaachia ukifungua nipo, basi kilichokuwa kinalibana ni mafuta yaliyokwama yakiwa na presha, si kutu ya kalipa. Na mafuta yanakwama kwa sababu mpira wa breki, ile hozi inayotoka kwenye bomba la chuma kwenda kwenye gurudumu, umevimba kwa ndani. Nje unaonekana mzima. Ukikanyaga, mguu una nguvu ya kupitisha mafuta. Ukiachia, hayana nguvu ya kurudi. Kama tairi lingebaki zito hata nipo ikiwa wazi, angeingia kwenye kalipa yenyewe: pistoni iliyoota kutu au pini za kuteleza zilizokauka. Pini alizichomoa hata hivyo, akazisugua na kuzipaka grisi yake, kwa sababu moja ilikuwa inasogea kwa shida.

Huko nyuma ndiko ilikoliwa siku nzima.

Dramu ni kama sufuria la chuma lililofunikwa juu ya viatu viwili vya breki. Wauza spea wanaviita breki shuu. Ukivuta hendibreki, waya unavitanua viatu, vinagandamiza dramu kwa ndani. Gari likiwa limelowa, maji yanabaki katikati ya gamba la kiatu na chuma cha dramu, kutu inaota hapohapo, na siku zikipita kutu hiyo inakuwa gundi. Kushusha hendibreki baada ya miaka miwili hakusaidii kitu, kwa sababu wenzo unashuka lakini kiatu kimebaki kimeshikwa na dramu, au waya wenyewe umeota kutu ndani ya ganda lake. Kwetu yalikuwa yote mawili.

Mlio ule wa ubao kupasuka nilikuja kuuona kwa macho. Dramu la kushoto lilipotoka, gamba la kiatu kimoja lilikuwa limebaki limeng'ang'ania ndani ya dramu, limebanduka lote kutoka kwenye chuma chake. Canter haikuifungua breki, iliing'oa. Kama ningesikia ushauri wa kulitembeza hivyohivyo, kipande kile kingezunguka ndani mpaka kijibane, na sijui ingekuwa mahali gani pa barabara. Nilikishika mkononi muda mrefu. Baba alikiomba, akakigeuza kwa mkono wa kushoto, akanirudishia bila kusema.

Dramu la kulia lilikataa. Hapa nataka niseme polepole, maana hapa ndipo fundi anapojulikana. Hakulipiga nyundo kwa hasira. Alipaka dawa ya kutu kwenye kitovu, pale dramu linapokaa kwenye habu, chuma kinachobeba gurudumu, na kuzunguka boliti za gurudumu, akaiacha inywe wakati tunakunywa chai. Alitoa kifuniko cha raba nyuma ya sahani ya breki, lile bati linaloshika viatu, akaingiza bisibisi mbili nyembamba: moja inasukuma ulimi, ya pili inazungusha ajasta, skrubu yenye meno inayotanua viatu, kurudi nyuma, jino kwa jino, ili viatu vipate nafasi ya kukunjana. Halafu akanionyesha kitu ambacho Toyota wamekiweka na watu wengi hawakijui. Kwenye uso wa dramu kuna matundu mawili yenye uzi. Ukikaza humo boliti mbili za milimita 8, zinagusa habu na kulisukuma dramu nje lenyewe. Nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, kwa zamu, ili lisiende upande. Kati ya kukaza na kukaza aligonga ukingo wa dramu kwa nyundo kupitia kipande cha mti, akilizunguka kama anayepima nazi.

Lilikuwa linalia bubu. Tupu, tupu, tupu. Saa nzima hivyo. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa, nikaingia ndani kumletea Baba dawa zake. Niliporudi nikamkuta ameinua mkono wa kushoto, kiganja wazi, kama mtu anayesimamisha treni. Fundi alikuwa amegonga mara moja zaidi. Mimi sikusikia tofauti. Baba akasema, taratibu, kwa ule ulimi wake wa sasa unaoburuza maneno: “Imeachia hiyo.” Fundi akamtazama, akaweka nyundo chini, akashika dramu kwa mikono miwili, akalivuta. Likatoka.

Kwa muda nilishindwa kusema kitu. Tangu Machi 2023 watu walikuwa wanamweleza Baba mambo yake kama mtoto. Siku ile fundi alimwuliza, “Mzee umejuaje?” na Baba akaonyesha sikio lake, akasema behewa lote linapimwa hivyo. Fundi akamwita kijana wake asogee, akamwambia agonge dramu lililotoka na kisha agonge lile lingine, na mzee amweleze anachosikia. Walikaa hivyo karibu robo saa. Fundi hakuiingiza hiyo kwenye hesabu ya muda, na mimi namlipa kwa maandishi haya.

Kuna jambo jingine la uangalifu. Ndani ya madramu kulikuwa na vumbi jeusi jingi. Kijana alitaka kulipuliza kwa mdomo, fundi akamzuia kwa sauti kali, akawaondoa watoto wote uani. Akalilowesha kwa maji ya sabuni, akafuta kwa matambara, matambara akayatia kwenye mfuko na kuufunga. Alisema magamba mengi ya breki za zamani yalitengenezwa kwa asbesto, vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na kwa macho huwezi kujua lipi lina asbesto na lipi halina, kwa hiyo unayachukulia yote kuwa nayo. Nimepita gereji nyingi na sikuwahi kuona mtu anajali hilo.

Kulia, wili silinda, ile pampu ndogo inayosukuma viatu, ilikuwa inavuja. Alifunua raba yake ya vumbi kwa ncha ya bisibisi, pakawa pamelowa, na pistoni moja haikusogea kabisa. Nilimwuliza kama raba tu zingebadilishwa, maana ni rahisi zaidi. Akaifungua, akanionyesha kwa tochi ya simu: ndani kuna vishimo vya kutu. Raba mpya ingekatwa na vishimo vile ndani ya wiki. Tukanunua wili silinda mbili, za pande zote, kwa sababu hataki breki ya upande mmoja iwe na nguvu kuliko ya mwenzake. Gari linavuta kando ukikanyaga. Viatu navyo ni hivyohivyo, vinabadilishwa vyote vinne kwa pamoja.

Viatu hakuvifungua pande zote mbili kwa mara moja. Alimaliza springi zote za kushoto huku za kulia zikiwa zimekaa mahali pake, ili akipotewa atazame upande wa pili. Mtu wa miaka mingi kazini, na bado anaacha kielelezo. Akanishauri pia nipige picha kwa simu kabla hajagusa springi hata moja, nikapiga. Kwenye sahani ya nyuma, zile sehemu ndogo ambazo viatu vinateleza juu yake, alizisugua mpaka zikang'aa na kuzipaka grisi nyembamba inayovumilia joto. Nyembamba kabisa, maana ikiyeyuka ikafika kwenye gamba, breki imekwisha.

Madramu aliyachukua kwenda kuyakereza Mwanga, kwa sababu kutu ilikuwa imeacha alama ya umbo la kiatu ndani ya chuma. Kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye dramu lenyewe. Alipima kabla na baada, akanionyesha kipimo. Waya wa hendibreki wa kulia ulikubali kuteleza baada ya mafuta. Wa kushoto ulikuwa umekufa ndani ya ganda, ukabadilishwa.

Mafuta ya breki yaliyotoka yalikuwa na rangi ya kahawa ya Kigoma iliyochemka sana. Mapya ni meupe, kama mafuta ya kupikia yaliyochujwa. Nilidhani ni uchafu tu, lakini maelezo yake yamenifanya niogope kwa faida. Mafuta haya yanafyonza unyevu wa hewa, hata gari likiwa limesimama. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakishanywa maji, kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka nyuzi 140. Sasa fikiria unashuka kutoka Mwanga kwenda stesheni, mguu umekaa kwenye breki mteremko mzima. Dramu na diski zinapata moto, maji yaliyo ndani ya mafuta yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inakwenda mpaka chini na gari linaendelea. Gari likikaa miaka miwili badilisha yote, hata kama kikopo cha mafuta hayo kimejaa.

Wakati wa kutoa upepo mimi ndiye niliyekaa kwenye pedali. “Kanyaga. Shikilia. Achia.” Alinikataza kukanyaga mpaka mwisho, nusu tu. Masta silinda, pampu kuu inayosukumwa na pedali, ikiwa ya zamani imezoea kutembea sehemu moja, huko mbele ambako pistoni yake haifiki siku za kawaida kuna kutu na ukoko, na ukiisukuma mpaka huko raba zinachanika, unanunua masta silinda ambayo hukuihitaji. Tulifanya hivyo gurudumu moja baada ya lingine mpaka mafuta yakatoka meupe bila mapovu, na pedali ikawa ngumu chini ya unyayo wangu. Jamani, ile pedali ilipokuwa ngumu!

Sasa gharama, maana najua ndicho mnachotafuta. Viatu vya breki seti nzima shilingi 38,000. Wili silinda mbili 32,000. Hozi za mbele nilinunua mbili, za kulia na kushoto, 28,000. Umri wao ni mmoja na sikutaka kurudia. Mafuta ya breki chupa mbili 18,000, kukereza madramu 20,000, waya wa kushoto 40,000. Ufundi 90,000 kwa kila kitu pamoja na kuja Ujiji mara nne. Jumla 266,000. Ongeza na zile 30,000 za Canter, ambazo nikizikumbuka bado zinaniuma, maana viatu vya kulia havikuwa vimebanduka. Huenda na vya kushoto vingepona.

Sitaki kuficha yasiyonifurahisha. Alisema siku mbili, zikawa tano. Hozi hazikupatikana mjini, zikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam, na hakunipigia kunijulisha. Nilikaa siku nzima namsubiri, biashara imefungwa. Akiwa chini ya gari simu haipokei, na kijana wake harudishi ujumbe. Risiti hana. Niliandika kila kitu kwenye daftari langu nikamwomba asaini, akasaini bila kinyongo, lakini mteja hapaswi kuwa ndiye mwandishi. Na kijana alidondosha mafuta ya breki kwenye bodi juu ya tairi la mbele kulia. Walimwagia maji palepale, ila mafuta hayo yanakula rangi, na pamebaki doa la ukubwa wa sarafu. Fundi aliomba radhi mwenyewe, akapunguza 5,000. Niliikataa, kisha akasisitiza, nikapokea. Kwa hiyo kwa kweli nililipa 261,000.

Ukimtumia, dai siku za kweli, na nunua mafuta ya breki mwenyewe chupa ikiwa imefungwa.

Siku ya kujaribu hakukimbilia barabarani. Alizunguka uani, akakanyaga, akashuka, akatazama chini ya kila gurudumu kama pana tone. Kisha njia ya vumbi, tambarare, akikanyaga taratibu mara nyingi ili viatu vipya na dramu vijuane. Aliporudi aliweka kiganja karibu na kila gurudumu, akaniambia nami niweke. Gurudumu moja likiwa na moto sana kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki bado inabana. Yetu yalilingana, vuguvugu la kikombe cha chai kilichokaa. Ndipo tukapanda sote, Baba mbele, tukaenda Mwanga, tukashuka mteremko wote mpaka stesheni. Fundi alikuwa nyuma ya kiti changu akisema, “Tumia gia ya pili dada, usiiachie breki kazi yote.” Pedali haikushuka.

Pale stesheni tulisimama. Reli imefika Kigoma tangu 1914 na Baba alipita kwenye jengo lile karibu kila siku ya ujana wake, lakini alikuwa hajaliona kwa miaka miwili. Nilizima injini. Mkono wake wa kulia hauwezi, kwa hiyo alipindua mwili, akapitisha wa kushoto juu ya mapaja, akashika hendibreki na kuivuta. Ikalia mara sita. Fundi alihesabu nami nilihesabu.

Tukirudi nyumbani ndipo fundi alipolisema lile jambo, na alilisema kwa adabu ambayo sikutegemea. Nilikuwa nimejiuliza siku zote nani atamwambia Baba kwamba mkono wake ndio uliofunga. Alisema: “Mzee, breki ya behewa iko wazi, upepo unapita, jua linaipiga. Hii imefungiwa ndani ya sufuria. Maji yakiingia hayana pa kutokea. Ukiliegesha usiku mmoja, vuta. Ukiliegesha mwezi, usivute.” Gari likishaoshwa, litembezwe kwanza na breki ikanyagwe kidogo mpaka zikauke. Likikaa muda mrefu, liwe mahali tambarare, gia ya kwanza, mawe au matofali mbele na nyuma ya tairi, hendibreki chini, na kila wiki au mbili lisogezwe mita chache mbele na nyuma. Siku za kawaida hendibreki itumike, maana waya usiotumika nao unakufa. Baba alisikiliza. Halafu akauliza, “Mawe, ya upande gani kwanza?” Fundi akamjibu, “Upande wa mteremko, mzee.” Baba akatikisa kichwa kukubali, huko reli nako ni hivyo.

Jioni ile niliweka gia ya kwanza, nikashusha hendibreki, nikaleta matofali mawili. Mwanangu wa miaka saba alitaka kuyaweka yeye. Baba akiwa kwenye kiti chake chini ya mwembe alimwelekeza kwa kidole cha mkono wa kushoto: sogeza, sogeza, liguse tairi, hapo.

Fundi amesema nirudi nikishatembea wiki mbili, ajasta zikazwe tena kwa sababu viatu vipya vinakaa. Kliniki ya Baba ni Alhamisi ya wiki hiyohiyo, kwa hiyo tutapitia Mwanga tukitoka Maweni. Kijana wa gereji ameuliza kama mzee atakuwepo.